Nilivyochagua hita ya umeme kwa chumba cha mama yangu Newala

Wengi wanaoijua Mtwara kwa joto la pwani hushangaa wakisikia kwamba kuna mtu mkoani humu anayetafuta hita, lakini aliyewahi kulala Newala mwezi wa Juni au Julai hahitaji maelezo. Mji huo uko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ukingo unaotazama bonde la Mto Ruvuma, na wakati wa kipupwe, mikorosho inapotoa maua na wakulima wanapoamka alfajiri kupuliza salfa, ukungu hukaa mpaka jua lipande. Mama yangu, ambaye ana zaidi ya miaka sabini na anaishi na kisukari pamoja na maumivu ya magoti, anakaa huko katika nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati na isiyo na silingi bodi. Mimi naishi Mtwara mjini, ambako mwezi huohuo bado tunawasha feni.

Kilichonisukuma kuanza kutafuta hita si baridi peke yake. Ilikuwa ni jiko la mkaa ambalo mama alikuwa akiliingiza chumbani jioni, akafunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu anayeivuta huanza kuumwa kichwa na kusinzia kabla hajatambua kwamba yuko hatarini. Nilipomweleza alinijibu, "Mwanangu, sisi tumezaliwa na kukua na moto ndani ya nyumba." Alisema kweli, ila nyumba alizokulia zilikuwa za udongo na nyasi, na moshi ulipata pa kutokea. Nyumba ya sasa ina madirisha ya vioo, na nafasi kati ya ukuta na bati imezibwa kwa saruji. Tulizungumza juu ya tofauti hiyo mara kadhaa, bila haraka, hadi akakubali jiko libaki jikoni iwapo tu nitampatia kitu kingine cha kumpasha joto.

Maduka ya vifaa vya umeme ya Mtwara mjini yamejaa feni, na hita ni chache mno. Niliulizia Dar es Salaam, nikaambiwa kuna aina tatu zinazopatikana kwa urahisi: hita zenye feni ndogo inayosukuma hewa ya moto, hita za umeme zilizojazwa mafuta ndani, zinazofanana na mabomba yaliyosimamishwa pamoja, na hita za infraredi. Aina mbili za kwanza hupasha hewa ya chumba, na hewa iliyopata joto hupanda juu. Katika chumba cha mama, juu ni bati tupu ambalo usiku huwa baridi, kwa hiyo joto tunalolilipia lingekwenda kupasha paa. Hita ya infraredi hutuma miale inayosafiri moja kwa moja hadi kwenye ngozi, nguo na kiti, kama jua la asubuhi linavyompasha mtu aliyekaa barazani ingawa hewa inayomzunguka bado ni ya baridi. Kwa mtu mmoja anayekaa mahali pamoja katika chumba kikubwa kisicho na silingi bodi, niliona hakuna aina nyingine inayofaa zaidi. Kwa familia inayotaka chumba kizima kiwe na joto kwa usiku kucha, nisingeshauri hivyo.

Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba hita za infraredi "hazili umeme". Madai hayo yanapotosha wanunuzi na yanapaswa kuachwa. Hita ya wati 800 hutumia wati 800, iwe ya infraredi au ya aina nyingine, na karibu umeme wote unaoingia hugeuka kuwa joto. Nafuu ya infraredi ni kwamba joto linaelekezwa kwa mtu, kwa hiyo unaweza kununua yenye wati chache na bado akaridhika, wakati hita nyingi za kupasha hewa huanzia wati 1,500 au 2,000.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu, kwa sababu mita ya LUKU ya mama, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, iko kwenye kundi la wateja wadogo wa majumbani. Kwa bei nilizotumia kwenye hesabu yangu, mteja wa kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti (yaani wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja) kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi, na akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Taa, televisheni na kuchaji simu nyumbani kwa mama havifikishi uniti 30. Hita ya wati 800 ikiwashwa kwa muda wa saa tatu kila jioni hutumia uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa mwezi, na ukijumlisha na matumizi ya kawaida unavuka mpaka. Wati 400 kwa muda uleule ni uniti 36, na jumla inabaki chini ya 75. Kwa hiyo nilitafuta hita ya infraredi yenye mabomba mawili ya kwatsi (aina ya kioo kinachostahimili joto kali), kila moja wati 400, inayokuwezesha kuwasha bomba moja peke yake. Mabomba ya kwatsi hupata moto ndani ya sekunde chache, tofauti na yale ya seramiki ambayo huchukua dakika kadhaa, na kwa mtu anayewasha kwa muda mfupi faida hiyo si ndogo.

Sharti langu jingine lilikuwa swichi ya chini ya kitako, inayokata umeme hita inapoanguka au kusogezwa vibaya, pamoja na wavu imara wa mbele. Nilijaribu swichi hiyo dukani kwa kuinua hita juu kidogo ikiwa imewashwa, na bomba lililokuwa jekundu likafifia hapohapo. Suala la vitufe lilinichukua muda zaidi. Hita za kielektroniki zenye rimoti kwa kawaida hubaki zimezima umeme unaporudi baada ya kukatika, na hiyo ni salama. Zile za kuzungusha kwa mkono huendelea pale zilipoishia, hata kama nguo imeangukia juu yake wakati wa giza. Hata hivyo mama haoni vizuri vitufe vidogo, na kitufe cha kuzungusha anakimudu gizani bila msaada. Nilichukua cha kuzungusha, tukaweka utaratibu kwamba umeme ukikatika, mjukuu wake anayesoma sekondari anazima soketi ukutani kabla hajatafuta tochi.

Kabla hita haijawashwa nilimwita fundi umeme. Soketi ya chumbani ilikuwa imelegea na plastiki yake imeanza kubadilika rangi kuwa kahawia kuzunguka matundu. Fundi aliifungua na kunionyesha waya uliokuwa umeshikwa na skrubu kwa nyuzi mbili tatu tu, nyingine zimekatika. "Dada, wati mia nane si mzigo kwa waya huu," alisema, "kinachounguza nyumba ni viungo vilivyolegea kama hiki." Alibadilisha soketi, akavuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye sakiti breka yake yenyewe (swichi inayojikata mzigo wa umeme ukizidi), na akahakikisha waya wa ethi umefika. Tulikubaliana kwamba hita haitachomekwa kwenye ekstensheni kamwe.

Jambo lililohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni mahali pa kuiweka, kwa sababu chumbani kuna chandarua. Chandarua ni kitambaa chepesi, kinayumba kwa upepo kidogo, na kikigusa wavu wa hita kitayeyuka au kushika moto. Kwa hiyo hita hutumika mama akiwa amekaa kwenye kiti chake upande wa pili wa chumba, zaidi ya mita moja kutoka kwenye kitanda, pazia na nguo zilizotundikwa, na huzimwa na kuchomolewa kabla chandarua hakijashushwa. Akiingia kitandani mwili tayari una joto, na blanketi hufanya kazi iliyobaki.

Kisukari nacho kililazimu tahadhari yake. Miguu ya mama imepungua hisia, na mtu asiyehisi vizuri anaweza kuungua taratibu bila kujua. Hata kwa mtu mwenye afya, kukaa karibu na miale ya moto kila siku kwa muda mrefu huweza kuacha madoa ya hudhurungi yenye umbo la wavu kwenye ngozi ya miguu. Tulipiga mstari wa chaki sakafuni kuonyesha mwisho wa kusogeza kiti, na mjukuu humkagua nyayo na miundi kila anapomsaidia kuoga.

Mama sasa hukaa mbele ya bomba moja baada ya chakula cha usiku, hulalamikia magoti kidogo kuliko zamani, na jiko la mkaa halijarudi chumbani. Bomba la pili huwashwa kwa dakika chache tu usiku wenye ukungu mzito. Pesa za korosho zikiingia tunakusudia kuweka silingi bodi katika chumba hicho, kisha nitapiga upya hesabu ya uniti nione kama saa tatu zinaweza kupungua hadi mbili.