Siku moja maishani mwangu: kufyatua matofali ya kufungamana Pembamnazi

Saa 12:00 asubuhi
Kirikuu, gari dogo la mizigo, kinapakiwa: mashine ya kufyatulia ya mkono, chekeche ya matundu ya milimita 5, ndoo za lita 20, maturubai, keni ya kumwagilia, pima maji ya kuangalia usawa, na kamba. Tunapita Daraja la Nyerere, kisha Kibada na Mwasonga, hadi Pembamnazi, kusini mwa Wilaya ya Kigamboni. Bado ni Dar es Salaam, ila huku watu wanalima mihogo na korosho. Kikundi cha hapa, ninachokisaidia kama fundi, kinajenga kwa matofali ya kufungamana, yaani yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe, yale ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, uliyahimiza. Hayahitaji kuni za tanuri, wala mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) kila kozi, yaani kila safu ya matofali. Unafuu wake ni wa kweli, lakini unategemea vipimo. Ukipuuza kipimo kimoja, pesa uliyookoa inarudi dukani.

Saa 2:00
Udongo kwanza. Chupa ya maji yenye udongo hadi theluthi moja ilitikiswa jana ikaachwa itulie. Mchanga umekaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Tunataka mchanga na changarawe vizidi nusu, na mfinyanzi uwepo wa kutosha kushikisha tofali linapotoka kwenye mashine. Udongo wa karibu na pwani mara nyingi ni mchanga mtupu: tofali linavunjika mkononi likiwa bichi, na watu hukimbilia kuongeza saruji. Dawa yake ni kuchanganya na kifusi chekundu, udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji unaondolewa wote, kwa sababu mboji huzuia saruji kushika.

Kipimo cha pili ni kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kinajazwa udongo mbichi na kuachwa ukauke kabisa, kisha unasukumwa upande mmoja na pengo linapimwa. Pengo kubwa ni dalili ya mfinyanzi mwingi, na tofali la udongo huo litapasuka. Hapo tunaongeza mchanga.

Maji nayo yanaonjwa. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hutoka ukutani kama unga mweupe na kuubambua uso wa tofali. Mchanga wa ufukweni hatuugusi kwa sababu hiyohiyo.

Saa 3:30
Nusu mfuko wa saruji kwa ndoo 10 za udongo uliochekechwa, takriban moja kwa kumi na mbili. Tunapima kwa ndoo, si kwa chepe, maana chepe la kijana wa asubuhi si chepe la kijana aliyechoka. Nusu mfuko unatosha kwa mara moja: mchanganyiko uliokwisha kulowa ufyatuliwe ndani ya saa moja, la sivyo saruji inaanza kukaza ikiwa bado chini. Unageuzwa mkavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe kwa keni.

Unyevu unapimwa kwa ngumi. Finyanga donge, liachie kutoka urefu wa mita moja. Likipasuka vipande vinne au vitano, sawa. Likibaki zima, maji yamezidi. Likisambaratika kama unga, ongeza kidogo.

Saa 4:00
Kufyatua. Mashine hizi za mkono zina asili katika ile ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, na Raúl Ramírez miaka ya 1950. Udongo unaingia kwa kopo la kipimo kilekile kila mara. Ukipungua, tofali linatoka jepesi na dhaifu. Ukizidi, mkono wa mashine haufungi, vijana wawili wanauning'inia, na siku nyingine umepinda. Kila tofali la kumi linapimwa kimo. Milimita moja inaonekana ndogo, lakini ukuta wa mita tatu una kozi 30, hivyo pembe mbili zinaweza kuachana kwa sentimita tatu mkifika kwenye lenta, boriti ya juu ya milango na madirisha. Mtaziba pengo hilo kwa mota ileile mliyotaka kuikwepa.

Saa 7:00 mchana
Wali na maharage. Hakuna anayekula kabla mchanganyiko uliolowa haujaisha.

Saa 8:00
Kwenye msingi uliokauka tunapanga kozi ya kwanza bila mota, kwa matofali ya awali yaliyokwisha kukomaa, pembe hadi pembe, kuhakikisha milango na madirisha yanaangukia tofali zima au nusu. Kisha kozi hiyo moja inalazwa kwenye mota, kwa kamba na pima maji, tofali kwa tofali. Hapa fundi asiharakishwe. Kozi zinazofuata zinakaa zenyewe, matofali 33 au 34 kwa mita ya mraba, na kosa la chini linapanda nazo.

Saa 10:00
Kumwagilia, na ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Matofali ya leo yako kivulini chini ya turubai. Upepo wa bahari ukiyakausha mapema, ukikwaruza kona kwa msumari inamomonyoka. Yanamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7, na yanajengewa baada ya siku 28. Zamu ziwe zimeandikwa kwa majina.

"Fundi, tukiongeza ndoo mbili za udongo si tutapata mengi zaidi?" anauliza Mama Mwenyekiti. Swali la haki, kwa kuwa saruji ndiyo inayowauma. Tunaloweka tofali lililokomaa la mchanganyiko wao wa ndoo 10 na la majaribio la ndoo 12, tuyakwaruze yote mawili kesho.

Saa 11:00
Katibu anaandika daftari: mifuko, ndoo, matofali mazima, yaliyovunjika. Mfuko mmoja ukitoa 55 hadi 60, vipimo vimefuatwa. Siku daftari likionyesha 75, mashine isimamishwe na ndoo zihesabiwe upya.