Nilivyopanga masomo ya awali nyumbani bila kununua mtaala

Kitu cha kwanza nilichopakua ni muhtasari, vitabu vikafuata baadaye. Muhtasari wa Elimu ya Awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) unapatikana bure, na ndio unaosema mtoto ajue nini kabla ya kuingia darasa la kwanza. Angalia jalada: uwe wa mwaka 2023. Wa zamani bado unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na usipotazama tarehe utapanga mwaka mzima kwa kitu kilichokwisha badilishwa.

Sikuuchapisha wote. Nilichapisha kurasa zenye jedwali la umahiri na shughuli za ujifunzaji tu, nikazibandika ukutani, nikawa naweka tiki kwa penseli. Kila nilichokipata bure baada ya hapo kilipimwa kwa jedwali hilo: kama hakina mahali pa kukaa, hakichapishwi. Bila kichujio hicho simu inajaa PDF mia mbili na mtoto hajasoma hata silabi moja. Niseme pia kwamba haya ni ya umri wa miaka 5, kabla ya shule ya msingi. Uandikishaji wa shule ya msingi ni lazima kwa Sheria ya Elimu ya 1978, na mpango huu haukukusudiwa kuikwepa.

Kwenye kusoma ndiko vifaa vya bure vinakopotosha zaidi. Karatasi nyingi za mazoezi zinazopatikana mtandaoni ni za Kiingereza, ambako herufi moja ina sauti kadhaa. Kiswahili husomwa kwa silabi, na irabu ni tano zisizogeuka. Mtoto akishazoea kuita "a" kwa jina lake la Kiingereza, utatumia wiki kadhaa kumrudisha. Karatasi hizo niliziacha zote, zikabaki za kuchora mistari na kuunganisha nukta.

Badala yake nilitengeneza kadi. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 ikikunjwa mara tatu inatoa kadi 8. Nilianza na irabu 5, kisha konsonanti sita: m, k, l, t, b, n. Kila konsonanti na irabu tano, jumla kadi 35. Manila 5 zinatoa 40, na moja ya zile tano zilizobaki ina kazi yake maalumu. Kwa m na k peke yake tayari una mama, kaka, kuku, kima na kumi, kwa hiyo mtoto anasoma neno zima mapema bila kusubiri alfabeti iishe.

Moja ya zile kadi tano za ziada iandike M pekee, bila irabu. Hii ndiyo inayosahaulika. Bila kadi hiyo mtoto akikutana na "mkeka" atasoma "mukeka", na "mtoto" atasoma "mutoto", kwa sababu umemfundisha kwamba m lazima ifuatwe na irabu. Pigeni makofi: m-ke-ka, matatu. Halafu mbu-zi, mawili, kwa kuwa hapo mb inakwenda pamoja na irabu yake. Mba mbe mbi mbo mbu, nda nde ndi ndo ndu na wenzake waje baada ya kadi za mwanzo kukaa sawasawa. Ng' ya ng'ombe niliiandika na kile kialama kwa kalamu nyekundu, mbali na ng ya ngoma. Hadithi nyingine za kupakua zimeandikwa "ngombe" hivi hivi, basi unaongeza alama kwa mkono.

Kosa lingine ni kuimba. "Ma me mi mo mu" inageuka wimbo, mtoto anaimba vizuri kabisa na hajui mo ikiwa peke yake. Changanya kadi, toa moja tu. Kipimo changu cha mwisho ni maneno yasiyo na maana: kemu, latobi, nubeka. Akiyasoma hayo, anasoma kweli, hakisii kwa kutazama picha.

Hadithi nilizipata kwenye tovuti mbili: African Storybook, mradi wa Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote zina hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, na leseni yake inaruhusu kuchapisha na kunakili. Ngazi ya kwanza ni ya mtoto kujisomea, za juu ni za kusomewa. Nikifungua ukurasa na maneno yanayomshinda yakazidi moja katika kila kumi, kitabu kinahamia kwenye fungu la kusomewa. Kwa kuwa yeyote anaweza kutafsiri pale, soma mwenyewe kwanza. Nyingine zina "ile kitabu" na "watu kubwa", na hizo sikuzigusa.

Gharama halisi iko kwenye uchapishaji. Hadithi ya kurasa 16 inaingia kwenye karatasi 4 za A4, pande zote mbili, zikikunjwa katikati. Mwambie anayechapisha achague mpangilio wa kijitabu na karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zinatoka kichwa chini na unalipa mara ya pili. Nyeusi na nyeupe inatosha, mtoto atapaka rangi. Mazoezi ya kurudiarudia nayaingiza kwenye nailoni ya faili, anaandika kwa maka pen ya ubao mweupe na kufuta kwa kitambaa. Ikitumika maka pen isiyofutika kwa bahati mbaya, pitisha ile ya ubao juu yake kisha futa haraka.

Hesabu haikuhitaji hata PDF. Trei la mayai lina matundu 30, matano kwa sita. Likate vipande vitatu vya matundu 10, mistari miwili ya tano tano, na vizibo vya soda ndani yake. Mtoto anaona kwamba 7 ni tano na mbili bila kuhesabu upya. Kumi na moja, kumi na mbili zinajieleza zenyewe. Ugumu unaanza kwenye makumi: ndani ya sitini, sabini na tisini unasikia sita, saba na tisa, lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hazifanani na mbili, tatu, nne, tano na nane. Hizo tano nilizifundisha kama majina mapya, kila moja na vifungu vyake vya njiti kumi kumi.

Kuandika: penseli ikatwe nusu. Fupi inamlazimisha kuishika kwa vidole, ndefu inamvuta aikamate kwa kiganja.

Kwa siku yote haya ni dakika 15 za kusoma, 15 za hesabu, 10 za kuandika, na hadithi ya kusomewa jioni. Video za Akili and Me za shirika la Ubongo, zilizotengenezwa kwa umri wa miaka 3 hadi 6, niliziweka mwisho. Chagua toleo la Kiswahili, punguza ubora wa picha, bando litadumu.

Alipoweza kumaliza kijitabu cha ngazi ya kwanza bila kusaidiwa, tulihamia kwenye vitabu vya darasa la kwanza katika maktaba mtandao ya TET. Kwenye simu maandishi ni madogo na kidole cha mtoto kinafungua kurasa ovyo, kwa hiyo nanakili sentensi tano kwa herufi kubwa kwenye daftari, na simu inabaki mfukoni.