Sikuachi, Usiponibariki: Tafakari kwa Anayehangaika na Anatomia

Somo: Mwanzo 32:22–32

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza akiomba aombewe, mara nyingi ombi lake ni moja. Si ada, ingawa ada nayo ipo. Si mchumba. Ni anatomia, somo la maumbile ya mwili. Mifupa 206 ya mtu mzima, jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, jozi 31 zinazotoka kwenye uti wa mgongo, na kila mfupa una vishimo, nundu na kingo zenye majina ya Kilatini na Kigiriki ambayo ulimi unayakataa. Hapo fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, inamngoja mlangoni, na zamu za wodini zimeshaanza.

Jibu tunalompa ndilo linalonisumbua. Tunamwambia, "Usijali, kama Mungu ndiye aliyekuita, atakurahisishia." Anaondoka amefarijika mpaka jioni. Akifungua kitabu na kukuta mambo ni magumu vilevile, anabaki na hesabu ya kutisha: haijawa rahisi, basi huenda sikuitwa. Tumemtwika mzigo wa pili juu ya ule aliokuja nao. Wiki hii nataka tumtazame Yakobo pale kivukoni, kwa sababu habari yake inalikataa jibu hilo.

Kumbukeni Yakobo alikuwa njiani kwenda wapi. Alikuwa amemtumikia mjomba wake Labani miaka 20, na Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia arudi katika nchi ya baba zake. Hakuwa mtoro wala hakuwa amepotea njia. Alikuwa anatii. Na katika njia ileile aliyoagizwa kuipita akapata habari kwamba Esau, ndugu yake aliyewahi kukusudia kumwua, anakuja kumlaki na watu 400. Akaogopa sana, Biblia haifichi. Akawagawa watu wake makundi mawili, akaomba, akaandaa zawadi ya wanyama kwa mamia na kuitanguliza. Napenda kwamba alifanya vyote. Aliomba kama mtu asiye na mpango, akapanga kama mtu anayejua mifugo haijigawi yenyewe. Ninyi mnaoomba usiku wa kuamkia mtihani huku ukurasa wa moyo haujafunguliwa tangu mkufunzi aufundishe, mstari huo ni wenu, nawaachia.

Halafu akabaki peke yake kwenye kivuko cha mto Yaboki, na mtu akashindana naye mweleka hata alfajiri. Hatuambiwi kwa nini. Yakobo hakuuchagua mweleka ule, wala haukuwa kwenye mpango wake. Alikuwa na wasiwasi wa kesho, akaletewa kazi ya usiku huohuo. Mshindani alipoona hamshindi, akamgusa panapo uvungu wa paja, ukateguka. Na bado Yakobo hakumwachia. Akasema neno ambalo nimeliweka juu kuwa kichwa cha tafakari hii: "Sikuachi, usiponibariki."

Sasa tukae kidogo hapo kwenye paja, maana hapo ndipo Maandiko na kitabu chako cha anatomia vinapokutana uso kwa uso.

Mwanzo 32:32 inasema kwamba kwa sababu ya usiku ule wana wa Israeli hawali kano ya paja iliyo juu ya uvungu wa paja. Katika mapokeo ya Kiyahudi kano hiyo inaeleweka kuwa ni ile ambayo sisi tunaiita neva ya siatiki, na wachinjaji wao wamefundishwa kuitafuta na kuiondoa kwa makini. Taifa zima limejifunza mahali ilipo neva moja kwa sababu ya mtu mmoja aliyeumizwa.

Wewe umeikuta neva hiyo kwenye noti zako. Ndiyo nene kuliko zote mwilini. Mizizi yake inaanzia pingili ya nne ya kiuno hadi ya tatu ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, inatoka kwenye fupanyonga chini ya msuli wa pirifomisi, inapita nyuma ya kiungo cha nyonga, inateremka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika matawi mawili. Simpimi Yakobo ugonjwa, wala sitaki kumfanya mgonjwa wa wodi ya mifupa. Ila ni kweli kwamba nyonga ikiteguka kwenda nyuma, neva hiyo huwa hatarini kwa sababu ya mahali inapopita.

Na ni kweli pia kwamba haihitaji malaika kuijeruhi. Sindano tu inatosha. Muuguzi anayechoma dawa kwenye tako bila kujua neva imelala wapi anaweza kumwacha mgonjwa na maumivu yanayoshuka mguuni, au na unyayo uliolegea ambao hauinuki, mtu akawa anauburuta anapotembea. Alikuja kutibiwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana unafundishwa kuligawa tako sehemu nne na kubaki robo ya juu ya nje. Na ndiyo maana wakufunzi wengi siku hizi wanapendelea pembeni mwa nyonga, mbali kabisa na neva hiyo na mishipa mikubwa ya damu. Kiganja juu ya nundu kubwa ya mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati ukikitanua kufuata ukingo wa juu wa mfupa huo, na sindano inaingia katikati ya vidole viwili. Kwa nyonga ya kulia unatumia mkono wa kushoto kupima. Nundu, ncha, ukingo: ni majina yaleyale yaliyokuliza jana usiku.

Basi ukiuliza haya yote ni ya nini, ndiyo haya. Yupo mtu ambaye hujakutana naye bado. Hujui jina lake wala kitanda chake. Anahitaji usiku wako wa leo, ingawa hajui.

Naamini kwamba kujifunza mwili ni namna ya kumpenda jirani kabla hujamwona. Yule Msamaria wa Luka 10 hakuishia kumhurumia aliyejeruhiwa. Alimkaribia, akamfunga jeraha zake, akatia mafuta na divai. Mikono yake ilijua la kufanya kwa maarifa ya siku zile. Sisi tunahubiri sana moyo wake na kusahau mikono yake. Nasema haya nikijua kuna watakaoona napunguza neno la imani: huruma isiyojua neva ilipo inaweza kumlemaza mtu, hata kama mwenye nayo anaimba kwaya.

Ndiyo maana nashauri kila jina unalolishika liulizwe swali moja: hili likiumia, au likisahaulika, mgonjwa wangu atakuwaje? Neva ya radiali inapita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Mfupa huo ukivunjika katikati, kifundo cha mkono kinaweza kulegea, na wewe ndiwe utakayemwambia mgonjwa "inua mkono wako" na kuona hauinuki. Bronkasi ya kulia, yaani njia ya hewa iingiayo pafu la kulia, ni pana zaidi, fupi zaidi na imesimama wima kuliko ya kushoto. Mtu mzima akipaliwa na kitu, uwezekano ni mkubwa kiende kulia, na sikio lako likiweka stethoskopu litajua pa kuanzia. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanamume karibu 20. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini wanawake hupata maambukizi ya mkojo mara nyingi zaidi, na kwa nini katheta, mpira wa kutolea mkojo, haiingizwi kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Ukiyasoma hivyo, orodha inageuka kuwa watu, na kumwombea mtu ni rahisi kuliko kuiombea orodha.

Kuhusu namna ya kung'ang'ania, machache. Kusoma tena na tena kurasa zilizopakwa rangi ni kama kumtazama mtu mwingine akiogelea. Funika kitabu, chora moyo kwa mkono wako hata ukiwa mbaya kiasi gani, taja vali nne kwa mpangilio damu inavyopita, kisha fungua uone ulipokosea. Yale uliyolazimika kuyatafuta kichwani ndiyo yanayokaa. Rudia kesho kidogo, rudia tena baada ya siku chache. Tumia mwili wako mwenyewe, hauna gharama: tafuta mpigo wa ateri upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, fuata mtulinga kutoka kifuani hadi begani, hesabu pingili saba za shingo kwa jina hata kama huzigusi zote. Na msome wawili. Umweleze mwenzako figo mpaka aelewe. Pale utakapokwama ndipo ulipokuwa hujui. Paulo anasema jicho haliwezi kuuambia mkono, "Sina haja na wewe", na sijui kwa nini mwanafunzi mwenye alama za juu anadhani andiko hilo halimhusu.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Yakobo alishindana usiku kucha, lakini ni usiku mmoja, si muhula mzima. Kuna vijana wanaokesha kila siku wakidhani ni bidii ya kiroho, na asubuhi wanalala kwenye benchi la mbele mkufunzi akiwatazama. Usingizi ni sehemu ya kusoma. Ubongo unayaimarisha uliyojifunza ukiwa umelala. Zaburi 127 inawaambia wanaokawia kwenda kulala kwamba kazi yao ni bure, kisha inasema, "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Funga kitabu, omba, lala. Neva ya vagasi itakuwepo kesho, na usiku huo itaendelea kuhudumia moyo na tumbo lako bila wewe kuisimamia.

Kwenye chumba cha maabara nako, kwa wale ambao chuo chao kinafundishia kwa mwili wa marehemu. Wengine wanatoka pale wakicheka kwa sauti kubwa. Mara nyingi ni hofu ile. Wengine hawali siku hiyo. Usijilaumu kwa lolote kati ya hayo, ila usizoee kiasi cha kusahau kwamba aliyelala mbele yako ni mtu, na mwili wake ndio unaokufundisha. Mtunga Zaburi ya 139 alisema, "Uliniunga tumboni mwa mama yangu", na mwili ule pia uliungwa hivyohivyo. Sema asante kimya kabla hujaanza. Hutahitaji zaidi ya hapo.

Limebaki jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia kwenye tafakari. Yakobo alibarikiwa, lakini jua lilimzukia akichechemea. Baraka haikuondoa alama ya mweleka. Wapo watakaosoma kwa bidii, wakaomba kwa machozi, na bado jina lao likabandikwa kwenye orodha ya sapu, yaani ya wanaorudia mtihani. Sitawaambia ni mpango wa Mungu, maana sijui, na mara nyingine ni karatasi ngumu tu au mafua siku ya mtihani. Ninachokiona kwenye habari hii ni kwamba mtu aliyekuwa anachechemea ndiye aliyevuka kwenda kumlaki Esau, na Esau akamkimbilia akamkumbatia shingoni. Hakuambiwa angoje mpaka apone nyonga. Rudia somo. Mwombe mkufunzi akuonyeshe hasa wapi alama zilipotea, na uende ukiwa na daftari, si ukiwa na malalamiko. Kama unaona mambo yamekuzidi, huli, hulali, unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii, mshauri wa chuo au daktari au mchungaji anayejua kusikiliza. Kuomba msaada hakupunguzi imani yako hata chembe.

Na ninyi mlio wauguzi tayari, mnaosoma haya mkitabasamu kwa kuwa yamepita: mwanafunzi akija wodini kwenu wiki hii, mwiteni karibu. Mwonyesheni kwa vidole vyenu nundu ile iko wapi kwenye nyonga ya mtu halisi, kwa ruhusa ya mgonjwa. Dakika tano zenu zinaweza kumfungulia sura nzima.

Kazi ya wiki: soma Mwanzo 32:22–32 polepole, kisha chagua kiungo kimoja tu kinachokushinda. Kila jioni kitaje, kichore, halafu umwombee mtu atakayekuja kwako siku moja akiwa na maradhi ya kiungo hicho.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemfahamu Yakobo kwa jina na kwa nyonga yake, wakumbuke wanaofanya praktikali wiki hii na wanaorudia mtihani. Wape kumbukumbu kwa waliyoyasoma, na uaminifu wa kukubali wasiyoyajua. Wabariki wakufunzi wanaosahihisha usiku. Wafariji familia za wale walioitoa miili yao ili wengine wajifunze. Na wagonjwa ambao watoto wako hawa watawahudumia, walinde mpaka wawafikie. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.