Mtaje kwa Jina, Umwombee

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Wiki hii Baba Yetu imenishinda. Nikifika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" ulimi unakuwa mzito. Kuna mtu nilimfanyia kazi hapa Dar, hadi leo hajanilipa jasho langu, na kila mwenye nyumba akipiga simu kudai kodi hasira inapanda upya.

Nimemkimbilia Mwenyeheri Isidore Bakanja wa Kongo. Kijana kibarua tu, msaidizi wa waashi pale Mbandaka, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 na kuvishwa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, vile vitambaa viwili vidogo vya ibada vinavyovaliwa shingoni. Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu wa kampuni ya mashamba ya mpira huko Ikili. Msimamizi wa pale, Van Cauter, hakutaka kusikia habari za Wakristo. Akamwamuru aivue ile skapulari. Hakuivua. Akachapwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa donda tupu, likaoza, akateseka nalo miezi.

Mapadre walipomfikia Julai 1909 walimpa Sakramenti, wakamsihi amsamehe yule Mzungu. Alikwisha kumsamehe. Tena akaahidi kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alifariki 15 Agosti, sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, skapulari ikiwa shingoni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1994.

Atamwombea! Jamani, na sisi tunaomba nini? Kwenye mikesha siku hizi, hata sisi Wakatoliki, nasikia "adui zangu waanguke kwa moto", "aliyenidhulumu asilale". Tunamtuma Mungu akatulipizie kisasi, kisha Jumapili tunapanga mstari wa Komunyo. Tuache, ndugu zangu. Yesu msalabani hakuomba hivyo.

Wala simwambii mtu anyamazie dhuluma. Bakanja alipoulizwa alisema wazi nani kamchapa na kwa sababu gani. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, dai haki yako yote. Lakini ukipiga magoti mtaje kwa jina, umwombee mema, yeye na watoto wake.

Mimi nimeanza. Moyo bado haujalainika, ila jina nalitaja kila usiku. Na wewe ukipeleka nia ya Misa parokiani, chini ya majina ya marehemu wako liandike na la huyo aliyekuumiza.