Madoa kwenye karatasi

Leo nimezitazama karatasi mbili hadi macho yakaniuma. Ni karatasi za kuchujia tunazotandika ndani ya vizimba vya panya kwa saa chache, kisha tunazimulika kwa taa ya urujuanimno ili mkojo ung'ae. Ya panya mwenye afya ina madoa machache makubwa, karibu yote pembeni, maana panya ana kona yake ya kukojolea. Ya pili ni ya panya aliyedungwa siklofosfamidi jana. Vidoa vidogo vidogo vimetapakaa hadi katikati, kama manyunyu yanapoanza kudondoka mchangani. Hakuwahi hata kuifikia kona yake.

Siklofosfamidi ni dawa ya saratani. Ikishavunjwa mwilini hutoa akrolini, na akrolini ikituama kwenye mkojo huunguza utando wa ndani wa kibofu. Wagonjwa wanaoitumia kwa dozi kubwa hupewa mesna, dawa inayoinasa sumu hiyo kabla haijadhuru. Panya wetu hawapewi. Uvimbe wa kibofu kilichoungua ndio tunaoutafuta, na kila nikiandika hivyo moyo unanisuta.

Kinachonishika ni kwamba kibofu kile hakikupungukiwa nafasi tu. Kimebadilika maana ya kujaa. Seli za juu za utando hujifunika kwa protini ziitwazo uroplakini, ngozi ngumu isiyopitisha mkojo. Ngozi hiyo ikiraruka, potasiamu na taka za mkojo hupenya hadi kwenye neva. Kumbe humo mna neva nyembamba, zisizo na ala ya mayelini, yaani ganda la mafuta linalofunika neva nyingine, ambazo siku za kawaida nyingi zimelala. Kibofu kilichovimba hutengeneza kwa wingi NGF, protini inayokuza neva. Neva huifyonza na kuisafirisha hadi kwenye vifundo vyake kando ya uti wa mgongo. Huko vipokezi huongezeka, kikiwemo TRPV1, kilekile kinachotufanya tuhisi ukali wa pilipili. Neva iliyolala inaamka. Tone dogo tu, nayo inapiga kelele kwamba kibofu kimefurika.

Mchana nilikuwa nimefurahia mistari ya protini kwenye karatasi yetu ya kupimia protini: kwa kibofu kilichovimba, mstari wa COX-2, kimeng'enya kinachochochea uvimbe, ulikuwa mweusi, mnene, kwa kibofu chenye afya, kivuli tu. Baadaye furaha ikapoa. Tulisaga kibofu chote kwa pamoja, na kibofu kilichovimba kimejaa maji na chembe nyeupe za damu zilizokimbilia humo. Je, protini ile imetengenezwa na kibofu chenyewe, au imekuja na wageni? Mstari mweusi hauwezi kuniambia. Kesho nitaomba tuutenganishe utando wa kibofu na msuli wake kabla ya kusaga, hata kama kazi itakuwa mara mbili. Panya ametoa kibofu chake. Jibu la nusunusu ni kumdhulumu.

Kabla ya kuondoka nilipita kwenye kizimba cha panya wa vidoa. Alikuwa amejikunyata, mgongo umepinda, macho nusu wazi, manyoya yamesimama. Nilimwita msimamizi, tukakubaliana kwamba dalili zile zinatosha, hasubirishwi hadi saa iliyopangwa ya kumuua. Kwenye daftari nimeandika saa, uzito wake, na idadi ya vidoa. Nilivihesabu mara tatu.