Akina Esposito wa Napoli

Teksi ilinishusha Forcella, mtaa wa Napoli, Italia, usiku. Ilinikamua euro za kutosha kwa mwendo ambao kesho yake niligundua unakwenda kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Mwenye chumba nilichopanga alikuwa amenitumia maelekezo mafupi: bonyeza kengele ya Esposito. Nikamulika ubao wa kengele kwa simu. Esposito. Chini yake Esposito. Pembeni, Esposito mwingine.

Nilianza na ya juu. Mzee mmoja aliyekatizwa usingizi akanifokea kwa Kinapoli. Ya pili, kimya. Ya tatu ikamtoa mama mmoja dirishani, ghorofa ya nne, akaniuliza kwa mikono nataka nini. Nikamwonyesha simu, kana kwamba angeweza kuisoma toka kule juu. Akacheka, akashusha kikapu kwa kamba. Watu wa pale hununulia hata mkate kwa vikapu hivyo. Nikatia simu yangu ndani, nikaitazama ikipaa, nikajisemea haya basi, safari njema. Mama akampigia mwenye chumba, akarudisha simu. Bwana yule alipofika alidai euro 20 za kuchelewa, taslimu, risiti hakuna. Lifti pia hakuna.

Asubuhi nikamuuliza yule mama kama wote ni ukoo mmoja. Akamwita mjukuu wake anayejua Kiingereza, wakanipeleka jirani tu, kwenye jengo la Annunziata, lililokuwa likipokea watoto walioachwa. Ukutani kuna tundu, na nyuma yake pipa la mbao linalozunguka. Mzazi aliyeshindwa kulea, kwa ufukara au kwa kuogopa aibu, alimlaza mtoto humo, akalizungusha, akaondoka bila kuonekana. Ndani kengele ililia, mtoto akapokelewa, akaoshwa, akaandikwa kitabuni. Jina la ukoo akapewa Esposito, yaani aliyewekwa nje. Firenze watoto kama hao waliitwa Innocenti, Roma wakaitwa Proietti, lakini mambo ni yale yale. Mjini Napoli waliwaita pia watoto wa Madonna, yaani Bikira Maria, nami naona hilo lina huruma zaidi.

Murat, aliyetawala Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, alipiga marufuku watoto kubandikwa jina hilo, maana lilimtangaza mtu maisha yake yote. Tundu lenyewe lilifungwa 1875. Lakini akina Esposito walishaoa na kuzaa, na leo wamejaa Napoli. Hata mpishi anayesifiwa kwa pizza ya Margherita ya 1889 alikuwa Raffaele Esposito.

Nikiwa pale niliwaza fomu zetu za nyumbani: jina lako, la baba, la babu. Nimesoma na watoto waliofika kwenye nafasi ya pili wakasita, kisha wakaandika jina la baba wa mama. Mwalimu alijua, darasa lote lilijua, na hakuna aliyeuliza. Sisi masaibu tunayatia kwenye jina la mwanzo, akina Tabu, Shida, Masumbuko, na mwenye nalo akizaa, Shida linahamia kwa mwanawe kama jina la baba. Nilipomweleza hayo, yule mama alitaka kujua kama Shida huyo alipata mke mzuri. Nikamwambia alipata wawili.

Pompei, magofu ya mji wa kale uliofukiwa na volkano, nilikwenda pia. Jua kali, foleni, na chupa ya maji kwa bei ya sahani ya pilau. Picha zake mmeshaziona.