Toba Ambayo Hakuitoa

Somo: Ayubu 27:1-6

Wapendwa katika Bwana,

Marafiki watatu wa Ayubu walikuwa na ushauri mmoja tu, ingawa waliuzungusha kwa hotuba ndefu: kiri dhambi yako, nawe utarudishiwa vyote. Tumezoea kuwabeza, lakini ushauri wao ulikuwa na faida dhahiri, na Ayubu aliukataa kwa sababu moja, kwamba haukuwa kweli.

Ushauri wa namna hiyo alipewa Dewey Bozella, bondia wa Marekani. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alishukiwa kumuua bibi wa miaka 92 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mwaka 1983 kesi ilifufuliwa, naye akatiwa hatiani kwa maneno ya wahalifu wawili waliokuwa wamebadilisha maelezo yao, ilhali alama ya kidole iliyopatikana dirishani kwa marehemu ilikuwa ya mtu mwingine. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi maisha. Katika gereza la Sing Sing alisoma, akaoa, akawa bingwa wa ndondi wa gereza.

Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1990, waendesha mashtaka walimwambia kwamba akikiri kosa ataondoka huru. Alikataa, na baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani mara ya pili. Baadaye ikaja bodi ya parole, yaani ya kuachilia wafungwa kwa masharti, ambayo hutaka kusikia majuto ya mfungwa, naye akanyimwa mara kwa mara kwa kuwa hakuweza kujutia asilolitenda. Nasema wazi kwamba mimi ningetia sahihi. Ningejiambia kuwa Mungu anaujua moyo wangu, nikarudi nyumbani kwa mke wangu. Sisi tunaohubiri toba kila Jumapili, ni mara ngapi tumewaza kwamba toba nayo yaweza kuwa ushahidi wa uongo, na kwamba mtu aweza kumheshimu Mungu kwa kukataa kutubu?

Jibu halikuja upesi. Ilipita miaka mingine mingi kabla mawakili wake hawajamfikia afisa wa polisi mstaafu aliyekuwa amelihifadhi jalada la kesi ile peke yake, kati ya yote aliyoyashughulikia. Ndani yake mlikuwa na maelezo ambayo upande wa utetezi haukuwahi kupewa. Oktoba 2009 hukumu ilifutwa. Miaka 2 baadaye, akiwa na miaka 52, alipanda ulingoni Los Angeles kwa pambano lake la kwanza la kulipwa, akashinda kwa pointi.

Wiki hii tuwaombee wanaoketi usiku huu mbele ya karatasi ya kukiri wasilolitenda, pamoja na wake zao wanaosubiri, na afisa yeyote mwenye jalada kabatini ambaye bado hajaulizwa.